Mizani ya Kiuno
Ngalawa hutulia kwa mirengu yake. Kayaki ya Greenland haina. Ni chombo cha ngozi ya sili, chembamba kama nyonga za mwenyewe, na mizani yote imo kiunoni mwa aliyeketi. Wainuit walijifunza tangu ujana kuyumba nacho, kupinduka na kuinuka kwa kasia. Mwingereza Gino Watkins aliupata ujuzi huo kwao mwaka 1930–31. Tarehe 20 Agosti 1932 alikwenda kuwinda peke yake, kayaki ikakutwa ikielea bila mtu.

Mabingwa nao walikuwa na hofu yao, wala (ajabu!) si ya dhoruba. Madaktari wa Denmark wa karne ya 19 waliandika juu ya kizunguzungu cha kayaki: maji shwari kama kioo, jua usoni, na mwindaji hodari asijue chombo kinalalia upande gani. Wengine waliiacha bahari kabisa. Aliyeponea, aliponea kwa upepo mdogo uliovuruga maji, au kwa mwenzake aliyemsogelea ubavuni.