Jinsi wanafalaki wanavyokokotoa njia za sayari ndogo

MAGWAGWA, katika Kaunti ya Nyamira, ilikuwa sehemu ya Mkoa wa Nyanza hadi mwaka 2013, serikali za kaunti zilipochukua nafasi ya mfumo wa mikoa. Mkoa huo haupo tena katika utawala wa Kenya, lakini jina lake lingalipo angani. Kati ya Mirihi na Mshtarii kuna jiwe lenye upana wa takriban kilomita 60 liitwalo 1356 Nyanza, ambalo hulizunguka Jua mara moja katika kipindi cha miaka 5 na miezi kadhaa.

Jiwe hilo liligunduliwa Mei 3, 1935 na mwanafalaki Cyril Jackson, aliyekuwa akifanya kazi katika kituo cha darubini cha Johannesburg, Afrika Kusini. Ni yeye pia aliyegundua 1278 Kenya na 1279 Uganda, zote mbili Juni 15, 1933, na 1428 Mombasa mwaka 1937. Mapema zaidi, mwaka 1930, yeye na mwenzake Harry Edwin Wood waligundua 1595 Tanga.

Msomaji makini ataona jambo la ajabu katika orodha hiyo. Tanga iligunduliwa miaka mitatu kabla ya Kenya, lakini nambari yake ni kubwa zaidi. Sababu ni kwamba nambari haitolewi siku jiwe linapoonekana. Hutolewa baada ya njia yake kujulikana kwa uhakika, kiasi kwamba mtu yeyote mwenye darubini inayofaa anaweza kulipata tena miaka mingi baadaye. Kabla ya hapo huwa na jina la muda tu, lenye mwaka na herufi. Kuitafuta njia hiyo ndiyo kazi ya mwanafalaki anayekokotoa obiti.

Sayari ndogo, ambazo pia huitwa asteroidi, ni mabaki ya mawe na metali yaliyosalia mfumo wa Jua ulipoumbika yapata miaka bilioni 4.6 iliyopita. Zilizokwisha kuorodheshwa ni zaidi ya milioni moja. Nyingi hukaa mbali na Dunia, ila kuna maelfu ambazo njia zake hukaribia yetu.

Kazi huanza kwa picha. Darubini hupiga picha kadhaa za sehemu moja ya anga kwa kupishana dakika chache. Nyota hubaki mahali pake, lakini sayari ndogo huonekana kama nukta iliyosogea. Mwanafalaki hupima mahali pa nukta hiyo kwa kuilinganisha na nyota ambazo nafasi zake zinajulikana, kisha huandika wakati wa picha kwa usahihi mkubwa. Saa ya kituo ikikosea, hata kwa sekunde chache, jiwe liendalo kasi litaandikwa mahali ambapo halikuwapo.

Vipimo hivyo hutumwa katika Kituo cha Sayari Ndogo kilichoko Cambridge, Massachusetts, nchini Marekani, ambacho hukusanya vipimo kutoka duniani kote kwa niaba ya Umoja wa Kimataifa wa Wanafalaki. Hesabu ikikamilika, obiti huelezwa kwa tarakimu sita: ukubwa wa njia, kiasi ilivyorefuka badala ya kuwa duara kamili, mwinamo wake, mbili zinazoeleza imeelekea wapi angani, na moja inayoonyesha jiwe lilikuwa mahali gani kwa wakati fulani.

Hesabu hiyo ina historia ndefu. Januari 1, 1801, Giuseppe Piazzi aliigundua Ceres akiwa Palermo, Italia, lakini baada ya majuma sita hivi ilipotelea katika mwanga wa Jua. Kijana wa Kijerumani, Carl Friedrich Gauss, mwenye umri wa miaka 24, alibuni njia ya kuikokotoa obiti kutokana na vipimo hivyo vichache. Kabla ya mwaka huohuo kwisha, Ceres ilionekana tena karibu na mahali alipotabiri.

Leo kompyuta hufanya hesabu kwa muda mfupi, lakini ugumu wa msingi haujaondoka. Mtu akiona tochi ikitembea gizani kwenye mlima wa ng'ambo kwa dakika moja, hawezi kujua mwenye tochi anaelekea soko lipi. Akiitazama kwa saa nzima, atajua. Vivyo hivyo, obiti iliyopatikana kwa vipimo vya usiku mmoja hubeba shaka kubwa, na shaka hiyo hupungua kadiri vipimo vinavyoongezeka. Aidha, mwanafalaki hana budi kuzingatia mvutano wa Mshtarii na sayari nyingine. Kwa mawe madogo, huzingatia hata msukumo hafifu unaotokana na joto la Jua.

Umuhimu wa kazi hii ulidhihirika jirani na Kenya mwaka 2008. Asubuhi ya Oktoba 6, kwa saa za Afrika Mashariki, Richard Kowalski, akitumia darubini ya Mlima Lemmon huko Arizona, Marekani, aligundua jiwe lenye upana wa takriban mita 4, lililopewa jina la 2008 TC3. Hesabu zilionyesha kuwa lingeanguka kaskazini mwa Sudan baada ya saa zisizofika 24. Vituo mbalimbali vilituma mamia ya vipimo, na utabiri ukazidi kuwa sahihi.

Alfajiri ya Oktoba 7, jiwe hilo lililipuka juu ya Jangwa la Nubia, pale palipotabiriwa. Mitambo iliyoko Kenya ya kunasa sauti nzito zisizosikika kwa sikio la binadamu ilinasa mlipuko huo. Mnamo Desemba, Peter Jenniskens na Muawia Shaddad wa Chuo Kikuu cha Khartoum, pamoja na wanafunzi, walitembea jangwani wakifuata mstari uliokokotolewa na kuokota vipande. Hiyo ilikuwa mara ya kwanza kwa jiwe kugunduliwa angani, anguko lake kutabiriwa, kisha mabaki yake kupatikana.

Hata hivyo, hesabu zisipoeleweka zinaweza kuzua hofu. Desemba 27, 2024, darubini iliyoko Chile iligundua 2024 YR4, jiwe lenye upana wa takriban mita 60. Mwezi Februari 2025, uwezekano wa jiwe hilo kuigonga Dunia mwaka 2032 ulipanda hadi asilimia 3 hivi, na ukanda ambao lingeweza kuanguka ulikatiza bara la Afrika. Siku chache baadaye uwezekano huo ulishuka hadi karibu sifuri.

Wako waliodhani kuwa wataalamu walikosea. La hasha. Eneo la shaka lilikuwa likipungua huku Dunia ikiwa bado ndani yake, hivyo asilimia ikapanda. Eneo hilo lilipopungua zaidi na kuiacha Dunia nje, asilimia ikaanguka. Ndivyo hesabu sahihi inavyotarajiwa kwenda.

Anayetaka kazi hii anahitaji msingi imara wa hisabati na fizikia, pamoja na ujuzi wa kuandika programu za kompyuta. Si lazima amiliki darubini kubwa, kwani wengi hutumia picha zilizopigwa na darubini za mbali. Upo hata mpango wa kimataifa unaowapa wanafunzi wa shule picha kutoka darubini ya Pan-STARRS iliyoko Hawaii, bila malipo, ili watafute sayari ndogo na kutuma vipimo vyao. Mahitaji ni kompyuta, intaneti na subira.

Usiku wa Aprili 13, 2029, jiwe liitwalo Apophis, lenye upana wa zaidi ya mita 300, litapita umbali wa kilomita 32,000 hivi kutoka Dunia, karibu kuliko baadhi ya satelaiti za mawasiliano. Lilipogunduliwa mwaka 2004, hesabu za mwanzo zilileta hofu kwamba lingetugonga siku hiyohiyo. Vipimo zaidi viliiondoa hofu hiyo. Mawingu yasipotanda, wakazi wa Magwagwa wataweza kuliona kwa macho matupu, nukta kama nyota ikisogea angani, na kulitazama kwa utulivu kwa sababu njia yake imekwisha kukokotolewa.