Kazi Ilipomfuata Mtoto Chumbani

Julai 2019, jijini New York, Kyle Giersdorf, maarufu kama Bugha, alitwaa ubingwa wa dunia wa Fortnite kwa mchezaji mmoja mmoja na kujinyakulia dola milioni 3. Alikuwa na miaka 16. Mwezi uliofuata, akicheza mubashara nyumbani kwao Pennsylvania, polisi wenye silaha walifika mlangoni: mtu aliwapigia simu ya uongo. Bahati njema, askari mmoja, jirani yake, alimtambua.

Nikifundisha historia ya kazi, huwakumbusha wanafunzi kwamba viwanda vilimtoa mtoto nyumbani, na sheria ikamfuata huko kumlinda. Leo kazi imemfuata mtoto chumbani. Sheria ingali ikimsubiri kwenye lango la kiwanda.