Ukimya wa Katiba na Mgogoro wa Utumwa Nchini Marekani, 1787–1865

Katiba ya Marekani iliyoandikwa mwaka 1787 haikutumia neno “mtumwa” wala “utumwa”. Katika kugawa viti vya Baraza la Wawakilishi, watumwa waliitwa “watu wengine” na idadi yao ikahesabiwa kwa kiwango cha tatu ya tano. Makala haya yanashikilia kwamba tafsida hiyo haikuuzima mgogoro wa utumwa bali iliuahirisha, na kila ulipoahirishwa ulirudi na makali zaidi.

Swali lililozua ubishi mkubwa lilikuwa iwapo utumwa uruhusiwe katika maeneo mapya ya magharibi. Mwaka 1820, Maafikiano ya Missouri yaliipokea Missouri kama jimbo la utumwa na Maine kama jimbo huru, na kuupiga marufuku utumwa kaskazini mwa latitudo ya nyuzi 36 na dakika 30 katika ardhi iliyosalia ya ile iliyonunuliwa kutoka Ufaransa. Kati ya 1836 na 1844, Baraza la Wawakilishi lilikataa hata kujadili maombi ya kukomesha utumwa. Sheria ya watumwa watoro ya 1850 iliwalazimisha raia wa Kaskazini kusaidia kuwakamata. Jambo walilolidhani la Kusini likawafikia milangoni.

Sheria ya Kansas na Nebraska ya 1854 ilifuta mpaka wa 1820 na kuwaachia walowezi waamue wenyewe. Wafuasi wa pande zote mbili walimiminika Kansas, na damu ikamwagika. Mwaka huohuo kiliasisiwa Chama cha Republican, kilichopinga kuenea kwa utumwa. Mwaka 1857, katika kesi ya Dred Scott, Mahakama ya Juu iliamua kwamba Mmarekani Mweusi hawezi kuwa raia wa nchi hiyo, na kwamba Kongresi haina mamlaka ya kuuzuia utumwa katika maeneo hayo. Msingi wa maafikiano ukabomoka. Baada ya Abraham Lincoln kuchaguliwa, South Carolina ilijitenga tarehe 20 Desemba 1860. Tarehe 12 Aprili 1861 mizinga ikafyatuliwa Fort Sumter.

Katiba ya majimbo yaliyojitenga iliwataja watumwa bayana. Ile ya Muungano ililitaja neno “utumwa” kwa mara ya kwanza mwaka 1865, katika Marekebisho ya 13 yaliyoukomesha, isipokuwa kama adhabu ya jinai. Kufikia hapo, zaidi ya askari 600,000 walikuwa wamekufa. Sheria inayokwepa kulitaja suala la msingi haimwondolei mtunga sera wajibu wa kuamua. Huuhamishia kwa walowezi, kisha kwa majaji, na hatimaye kwa majeshi.