Hoima ni karibu kuliko Kisangani: mpira wa Ituri utazame upande gani?

Kombe la Mataifa ya Afrika la 2027 limepewa Kenya, Uganda na Tanzania. Kati ya viwanja vilivyochaguliwa kuna kile cha Hoima, chenye viti 20,000, ng'ambo ya Ziwa Albert. Kutoka kartie Nyakasanza hadi Hoima, ndege ingeruka kilomita zisizofika 150. Hadi Kisangani ni zaidi ya 500, na hadi Kinshasa zinakaribia 1,800. Ndiyo sababu wapenzi wa mpira wa Bunia hawaachi kuulizana: kwa nini Kongo inahesabiwa pamoja na Gabon na Kameruni, na si pamoja na jirani anayeonekana ng'ambo ya maji?

Jibu linaanzia wakati wa wakoloni. CECAFA, muungano wa mpira wa Afrika Mashariki na Kati, una mizizi katika Kombe la Gossage, lililoanza 1926 kati ya Kenya na Uganda. Tanganyika iliingia 1945, Zanzibar 1949. Wote hao walitawaliwa na Mwingereza. Kongo ilikuwa ya Mbelgiji, na mpira wake ulipangwa kutoka Léopoldville, mji unaotazamana na Brazzaville. Mpaka leo FECOFA imo ndani ya UNIFFAC, pamoja na Kameruni, Gabon, Kongo-Brazzaville, Chad, Afrika ya Kati, Guinea ya Ikweta na São Tomé.

Lakini mipaka hiyo haikuandikwa juu ya jiwe. Rwanda na Burundi ziliunganishwa na Kongo kiutawala na Ubelgiji tangu 1925; leo zote mbili ziko CECAFA. Zambia, Malawi na Zimbabwe zilifuata njia nyingine. Malawi ilibeba kombe la CECAFA mwaka 1978, 1979 na 1988, Zambia 1984 na 1991. COSAFA ilipoundwa 1997, nchi hizo zikageukia kusini. Kilichotokea 2006 huko Addis Ababa bado kinachekesha na kuuma: Zambia ilialikwa, ikashinda fainali mbele ya Sudan, lakini ubingwa ukapewa Sudan kwa sababu Zambia ilikuwa mgeni tu.

Mwaka 2022 Kongo iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki. Somalia ilipofuata 2024, Jumuiya ikawa na nchi nane, na saba kati yake ni wanachama wa CECAFA. Anayebaki nje ni Kongo peke yake. Hapo ndipo wengi wanaanza kupiga hesabu: kama forodha na pasipoti zinaelekea mashariki, mpira utabaki magharibi hadi lini?

Huenda muda mrefu. Kinshasa haina haraka, na ina sababu. Tazama Ligi ya Mabingwa ya wanawake, ambayo kila kanda inatuma bingwa wake. TP Mazembe walipita UNIFFAC mwaka 2024, wakaenda Moroko na kurudi na kombe la Afrika. Upande wa mashariki wangelazimika kwanza kuwatoa watu kama Commercial Bank of Ethiopia, walioshinda kanda ya CECAFA mwaka huo huo. Nani anaacha mlango anaoujua na kwenda kupanga foleni kwenye mwingine?

Halafu kuna jambo ambalo Ituri inalijua kuliko Kinshasa. Kuvutwa mashariki hakujawahi kuwa mchezo hapa. Mwezi wa sita 1999, jenerali wa Uganda James Kazini alitangaza jimbo jipya la Kibali-Ituri, na watu wa Bunia wanakumbuka yaliyofuata hadi 2003. Mwezi wa pili 2022, mahakama ya kimataifa ya The Hague iliamuru Uganda ilipe Kongo dola milioni 325. Mtu akisema tu "tuhamie upande wa Kampala", kuna mzee atakayenyamaza kidogo kabla ya kujibu.

Hata ndani ya nchi, ramani ya mpira haijatulia. Linafoot ilichezwa kwa kanda tatu: magharibi, mashariki na kati-kusini, kwa kuwa ekipe hazikuweza kulipa ndege kila wiki. Baadaye likawa kundi moja la nchi nzima. Msimu wa 2022-2023 haukumalizika. Msimu wa 2023-2024 ukarudi kwenye makundi mawili. Kisha Goma ikaingia mikononi mwa M23 mwishoni mwa Januari 2025, na Bukavu mwezi uliofuata. Kanda ya mashariki iliyokuwa wazo la kupunguza gharama sasa imekatwa na mstari wa vita, na njia ya Komanda kwenda Beni kila mtu anajua inavyopitika.

Kwa familia zilizokimbia Djugu na Irumu, swali hilo liko chini zaidi ya CECAFA. Kongo imepanga mpira kwa ardhi: ekipe ni ya antante, antante ni ya ligi ya jimbo, ligi ni ya FECOFA. Ituri ilipotengwa na Jimbo la Mashariki mwaka 2015, wengi walifurahi kwamba mambo ya Bunia hayatangoja tena Kisangani. Lakini tangu mwisho wa 2017 watu wa Djugu wanalala Bunia, kwenye kambi kama ISP na Kigonze. Ekipe ya kijiji ambacho hakikaliwi tena iandikishwe wapi? Ikijiandikisha mjini, jina la kijiji linapotea, na wazazi wanaona kama wamekubali kutorudi. Ikingoja antante ya kwao isimame tena, mtoto wa miaka kumi na tano anafika ishirini bila leseni.

Uamuzi huo hauhitaji ruhusa ya Kampala, wala kikao kirefu Kinshasa. Ligi ya jimbo inaweza kutoa leseni ya muda: ekipe ibaki na jina la kwao, ihesabiwe Djugu, icheze Bunia mpaka barabara ifunguke.