Ukaazi wa wastaafu wageni nchini Tanzania

Ukaazi wa wastaafu wageni nchini Tanzania ni utaratibu wa kisheria unaomwezesha mtu asiye raia, aliyemaliza miaka yake ya kazi, kuishi nchini pamoja na mwenza na watoto wake. Tanzania haina viza maalumu ya wastaafu kama ile ya Thailand. Viza humfikisha mtu nchini. Kinachomruhusu kuishi ni kibali cha ukaazi kinachotolewa na Idara ya Uhamiaji, iliyo chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani ya Nchi. Familia yenye mtoto wa umri wa shule ina kazi ya ziada, kwa sababu hati ya mtoto na masomo yake hufuata hati ya mzazi.

Makala hii inachukua mifano zaidi kutoka Njombe na Makambako, katika Nyanda za Juu Kusini. Njombe, makao makuu ya mkoa ulioanzishwa mwaka 2012 kwa kugawa Mkoa wa Iringa, ni mji wa baridi ulio karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Makambako, kama kilomita 60 kaskazini yake, ni njia panda: barabara ya Songea huachana hapo na ile ya Dar es Salaam kwenda Mbeya, na reli ya TAZARA ina stesheni. Wageni si jambo jipya huku. Wamisionari Walutheri kutoka Ujerumani walifika mwishoni mwa karne ya 19, na Wakatoliki wa Konsolata kutoka Italia walifuata baadaye. Siku hizi anayerudi kustaafu akiwa na pasipoti ya kigeni anaweza pia kuwa Mbena wa hapo hapo.

Viza na kibali

Sheria inayotumika ni Sheria ya Uhamiaji ya mwaka 1995, pamoja na marekebisho yake. Viza ya kawaida ya kuingia mara moja hugharimu dola 50 za Marekani na humruhusu mgeni kukaa hadi siku 90. Raia wa Marekani hulipa dola 100 kwa viza ya kuingia mara nyingi. Viza hiyo ni ya matembezi. Haimruhusu mtu kufanya kazi wala kuhamia, na kuvuka mpaka wa Tunduma kila baada ya miezi mitatu ili kuanza hesabu upya si ukaazi, hata kama wapo wanaouita hivyo.

Vibali vya ukaazi viko katika madaraja matatu. Daraja A ni la wawekezaji na wanaojiajiri, Daraja B ni la walioajiriwa, na Daraja C ni la makundi mengine: wanafunzi, watafiti, wamisionari, wanaojitolea na wageni waliostaafu. Mstaafu wa kweli yuko Daraja C. Anatakiwa kuonyesha kwamba ana njia ya kujikimu, kwa mfano pensheni, bila kutafuta ajira nchini. Akifungua duka la mbao Makambako au shamba la maparachichi la kibiashara, anakuwa ameondoka kwenye ustaafu na kuingia uwekezaji, hivyo anahitaji Daraja A. Hapa ndipo wengi hujikwaa, maana mstaafu mwenye afya njema huchoka kukaa barazani.

Kibali hutolewa kwa muda, kwa kawaida miaka miwili, kisha huombwa upya. Maombi hufanyika kwa njia ya mtandao, na kila mkoa una ofisi ya uhamiaji. Si vema kusubiri hadi wiki ya mwisho.

Mwenza na mtoto

Mwenza na watoto wa mwenye kibali huombewa hati ya mtegemezi. Vielelezo vikuu ni cheti cha ndoa, vyeti vya kuzaliwa na pasipoti za kila mmoja. Mtoto aliyeasiliwa, au anayelelewa na babu na bibi, huhitaji amri ya mahakama inayoonyesha nani ana haki ya kumlea. Barua ya wazazi pekee ni hoja dhaifu. Hati ya mtegemezi haimruhusu mtu kuajiriwa, na uhai wake ni uhai wa kibali kikuu. Kibali kikiisha, kikifutwa, au mwenye nacho akifariki, mwenza na mtoto hubaki bila msingi wa kisheria wa kukaa mpaka wapate hati nyingine. Mstaafu wa miaka 67 mwenye mtoto wa miaka 11 anapaswa kulifikiria hilo kabla ya kufunga mizigo.

Kuhusu shule, swali la kwanza ni lugha. Shule za msingi za serikali hufundisha kwa Kiswahili, na sekondari hufundisha kwa Kiingereza. Mtoto wa miaka 7 aliyetoka Ulaya hujifunza Kiswahili uwanjani ndani ya muda mfupi kuliko wazazi wanavyodhani. Mtoto wa miaka 12 hali yake ni ngumu zaidi, kwa sababu anaukaribia mtihani wa kumaliza shule ya msingi ambao watahiniwa wa shule za serikali huufanya kwa Kiswahili. Familia za namna hiyo huchagua shule binafsi za mchepuo wa Kiingereza, au humpeleka mtoto Iringa, penye shule ya kimataifa. Mtoto aliyekwisha kupata cheti cha sekondari nje ya nchi hupelekea cheti hicho Baraza la Mitihani la Tanzania ili kilinganishwe na cha hapa. Mitaala nayo inabadilika: mtaala mpya ulioanza kutumika mwaka 2024 unapunguza elimu ya msingi kutoka miaka saba hadi sita, kwa hiyo ni muhimu kuuliza shule husika darasa gani linafuata mtaala upi.

Wazawa waliobadili uraia

Sheria ya Uraia ya mwaka 1995 hairuhusu mtu mzima kuwa na uraia wa nchi mbili. Mtanzania anayechukua uraia wa nchi nyingine kwa hiari hupoteza ule wa Tanzania, na akirudi kustaafu kwao ni mgeni mbele ya sheria. Kwa mtoto, tarehe ndizo zinazoamua. Chukua mfano wa mama wa Makambako aliyehamia Marekani, akazaa mwaka 2012, kisha akachukua uraia wa Marekani mwaka 2015. Ikiwa mama huyo alizaliwa Tanzania akiwa raia, mtoto wake ni raia wa Tanzania kwa kurithi, kwa kuwa mama alikuwa raia siku ya kuzaliwa. Mama anahitaji kibali, mtoto hahitaji. Tarehe hizo zikigeuzwa, na baba naye akiwa si Mtanzania, wote wawili ni wageni. Mtoto mwenye uraia wa nchi mbili anaruhusiwa kuwa nao hadi miaka 18; baada ya hapo hutakiwa kuukana ule wa kigeni ili abaki Mtanzania.

Mwanamke mgeni aliyeolewa na Mtanzania anaweza kuomba uraia kwa sababu ya ndoa. Mwanamume mgeni aliyeoa Mtanzania hana njia hiyo, tofauti ambayo ni vigumu kuitetea. Yeye hufuata njia ya tajinisi: miezi 12 mfululizo ya kuishi nchini kabla ya kuomba, na jumla ya miaka saba katika miaka kumi iliyotangulia miezi hiyo, pamoja na kujua Kiswahili au Kiingereza na kuwa na mwenendo mwema.

Ardhi na kodi

Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 haimruhusu asiye raia kumilikishwa ardhi, isipokuwa kwa ajili ya uwekezaji. Mstaafu anaweza kupanga nyumba. Desturi ya kununua kiwanja kwa jina la ndugu au rafiki ni ya hatari: hati ni ya yule aliyeandikwa, na akifariki kiwanja huingia katika mirathi yake. Zanzibar ina utaratibu wake, ambako mgeni anayenunua nyumba katika miradi iliyoidhinishwa, kuanzia dola 100,000, anaweza kupata ukaazi kupitia uwekezaji huo.

Kwa Sheria ya Kodi ya Mapato ya mwaka 2004, anayeishi nchini siku 183 au zaidi katika mwaka huhesabiwa kuwa mkaazi. Mkaazi ambaye jumla ya ukaazi wake haijazidi miaka miwili hutozwa kodi kwa mapato ya ndani tu. Ikizidi, mapato ya nje nayo huingia katika hesabu, hivyo pensheni ya kigeni yafaa ichunguzwe mapema, pamoja na mkataba wa kodi kati ya Tanzania na nchi inayoilipa, kama upo.

Nchi nyingine

Kenya ina kibali cha Daraja K kwa mtu mwenye umri wa miaka 35 au zaidi, mwenye mapato ya uhakika yasiyopungua dola 24,000 kwa mwaka kutoka nje ya Kenya, na anayeahidi kutofanya kazi ya kulipwa. Mauritius hupokea wastaafu kuanzia miaka 50. Mtanzania anayetaka kustaafia Kenya huingia bila viza kama raia wa Afrika Mashariki, lakini Itifaki ya Soko la Pamoja, iliyoanza kutumika tarehe 1 Julai 2010, inafungamanisha haki ya ukaazi na kazi au biashara, si na ustaafu. Mtoto wake anayesoma huko huombewa hati ya mwanafunzi.