Kazi ya Mguu wa Kushoto

Mvua iliyomwagika Sebring, Florida, mwezi Machi 1965 iligeuza njia ya mashindano kuwa mto. Mbio hizo huchukua saa 12, na joto lilikuwa limewachosha madereva kabla ya mbingu kufunguka. Magari yaliyokuwa yakiruka sasa yakatambaa, maji yakawafikia madereva hadi kwenye viti vyao. Waliomaliza mbele ni Jim Hall na Hap Sharp kutoka Texas, wakiwa na gari jeupe lililotengenezwa kwenye karakana yao, Chaparral 2. Magari ya Ford na Ferrari, makampuni yenye fedha za kila namna, yalibaki nyuma. Na ndani ya gari hilo la washindi hapakuwa na klachi ya kukanyaga.

Tukio hilo linastahili kukumbukwa kuliko linavyokumbukwa. Vijiweni bado inaaminika kwamba gari la kasi la kweli ni la gia za mkono, na kwamba otomatiki iliwekwa kwa ajili ya foleni za mjini na watu wasiotaka kujifunza klachi. Sifa hiyo mbaya ina chimbuko. General Motors ilipoanza kuuza Hydra-Matic katika magari ya Oldsmobile ya mwaka 1940, ilikuwa inauza raha. Otomatiki za miongo iliyofuata zilikuwa na gia chache, zilichelewa kubadili, na sehemu ya nguvu ya injini ilipotelea ndani ya mafuta ya giaboksi. Dereva hodari mwenye gia za mkono aliziacha nyuma bila shida. Ila si kwenye kila barabara, na si kwa kila gari.

Hall, aliyekuwa mhandisi na dereva kwa pamoja, aliipata giaboksi yake kwa ushirikiano wa karibu na wahandisi wa Chevrolet. Haikuwa otomatiki kamili, maana gia aliichagua dereva mwenyewe kwa mkono. Lakini mahali pa klachi palikaa mapangaboi mawili yanayotazamana ndani ya mafuta: moja linazungushwa na injini na kuyasukuma mafuta, la pili linasukumwa na mafuta hayo na kupeleka nguvu kwenye gia. Hakuna chuma kinachogusana na chuma pale katikati. Mguu wa kushoto ukabaki bila kazi, na Hall akautafutia kazi. Mwaka 1966 alitokea na Chaparral 2E, yenye bawa kubwa lililosimama juu ya magurudumu ya nyuma. Kwenye njia iliyonyooka dereva alikanyaga pedali kwa mguu wa kushoto, bawa likalala ili upepo upite. Akikaribia kona aliiachia, bawa likainuka na kuyagandamiza matairi kwenye lami. Gari lenye klachi lisingekuwa na mguu wa kufanya hayo.

Ujerumani nayo ilikuwa njiani. Mwaka 1967 Vic Elford, Hans Herrmann na Jochen Neerpasch walishinda mbio za saa 84 kwenye njia ya Nürburgring wakiendesha Porsche 911 R yenye Sportomatic, giaboksi iliyoondoa pedali ya klachi na kumwachia dereva mkono wa gia tu. Saa 84 ni siku tatu na nusu. Katika muda wa namna hiyo, kila badiliko la gia lisilomchosha mtu ni akiba.

Hata hivyo, ushahidi mzito kuliko wote ulitoka Afrika, kwenye vumbi na matope. Mashindano ya rali ya Safari yalianza mwaka 1953, yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika, na jina la Mercedes halikuwa geni huko: magari yake yalishinda 1959, 1960 na 1961. Mwaka 1979 kampuni hiyo ilifika chini ya mhandisi Erich Waxenberger ikiwa na gari ambalo watu wangelitazamia kulikuta kwenye maegesho ya hoteli. Hilo ni 450 SLC 5.0, la milango miwili, refu, zito, lenye injini ya V8 ya lita 5 na otomatiki ya gia tatu.

Gia tatu! Lakini lilikuwa na sababu zake. V8 ya ukubwa ule ina nguvu tele hata ikizunguka polepole, hivyo haihitaji gia nyingi. Nayo Safari ilikuwa mashindano ya maelfu ya kilomita, ambamo gari huruka tuta, magurudumu huzunguka hewani, kisha hutua na kukabwa na ardhi kwa ghafla. Kishindo hicho hurudi kwenye ekseli, kwenye klachi na kwenye meno ya gia. Ndani ya otomatiki, mafuta yale yale yaliyolaumiwa kwa kupoteza nguvu ndiyo yaliyomeza kishindo. Mguu wa kushoto, kwa upande wake, ulikuwa huru kushika breki huku wa kulia ukiendelea kukanyaga mafuta.

Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda aliyeishi Kenya, alishinda mwaka ule kwa Datsun 160J ya gia za mkono. Ushindi wake ulikuwa wa haki. Aliijua nchi, na angeshinda Safari mara tano kwa jumla. Wa pili alikuwa Hannu Mikkola wa Finland katika Mercedes. Mwezi Desemba msafara ukahamia Côte d'Ivoire kwa mbio za Bandama, na huko Mercedes ilichukua nafasi zote nne za juu: Mikkola, Björn Waldegård, Andrew Cowan, na Mkenya Vic Preston Jr, ambaye baba yake alishinda Safari mwaka 1954 na 1955. Nafasi ya pili ilimtosha Waldegård kuwa bingwa wa dunia wa rali kwa pointi 112 dhidi ya 111 za Mikkola. Ndiyo kusema taji la kwanza rasmi la dunia la madereva wa rali liliamuliwa ndani ya magari ya otomatiki, barani Afrika. Mwaka uliofuata Waldegård alishinda Bandama, kisha Mercedes ikajitoa, na somo likazikwa mapema mno.

Liliibuka upya Brazil, Machi 1989. John Barnard alikuwa ameichorea Ferrari gari la Formula 1 lisilo na mkono wa gia. Dereva alibadili gia kwa vibao viwili vidogo nyuma ya usukani. Katika majaribio lilikuwa likiharibika ovyo, na wachache walilitazamia kufika mwisho. Nigel Mansell alishinda nalo mbio zake za kwanza. Haukupita muda mrefu kabla ya timu zote kufuata.

Porsche nayo ilikwisha kushinda Monza mwaka 1986 kwa giaboksi yenye klachi mbili, ambayo huiandaa gia inayofuata kabla ile iliyopo haijaachiwa. Teknolojia hiyo ilifika barabarani na Volkswagen Golf R32 mwaka 2003. Kutoka hapo mbio za sekunde zilikwisha. Porsche 911 GT3 ya 2017 yenye klachi mbili hufika kilomita 100 kwa saa ndani ya sekunde 3.4, ya gia za mkono huchukua 3.9.

Ajabu ni kwamba ile ya gia za mkono ilirudishwa kwa sababu wanunuzi waliililia. GT3 ya mwaka 2013 iliuzwa bila klachi ya kukanyaga, na wapenzi wake walilalamika. Mwaka 2016 Porsche ikatoa 911 R mpya, magari 991 tu, yote ya gia za mkono, na bei yake mikononi mwa wauzaji ikapaa. Watu hao hawakudanganyika kuhusu kasi. Walitaka kushiriki, na nusu sekunde waliiona kuwa bei halali.

Hata magari ya ubingwa wa dunia wa rali yamerudia mkono wa gia. Tangu 2022 kanuni zimepiga marufuku vibao vya usukani, ili kupunguza gharama, na dereva huvuta mkono kubadili gia moja baada ya nyingine. Ndivyo Kalle Rovanperä alivyoshinda Safari mwaka huo, huku Toyota ikichukua nafasi nne za kwanza kuzunguka Naivasha. Klachi ipo, lakini kazi yake kubwa ni kuondokea. Gari likishashika mwendo, mguu wa kushoto unahamia kwenye breki.