Programu za Ofisi na Mashine Kuukuu: Habari ya Mji wa Babati

Mkoa wa Manyara ulipomegwa kutoka Arusha mwaka 2002, Babati, mji ulio chini ya mlima Kwaraa katika barabara iendayo Dodoma, ulifanywa makao makuu, na pamoja na heshima hiyo ukapata mzigo wa makaratasi: barua, mihutasari ya vikao, taarifa za kila mwezi. Zama za taipureta zilikuwa zikiaga. Lakini katika miji ya namna hiyo kompyuta iliyopatikana kwa bei nafuu mara nyingi ilikwisha tumika kwingine, nayo ikiendeshwa kwa Windows 98.

Mashine hiyo ilikwisha anza kufungiwa milango. Office 2003 ya Microsoft haikukubali mfumo wo wote uliotangulia Windows 2000. Ndipo Desemba 2004 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wakishirikiana na kampuni ya IT+46 ya Uswidi, walipotoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi isemayo Kiswahili, tena ya bure. Sifa ya lugha ilitajwa sana, na kwa haki. Sifa ya pili haikutajwa vya kutosha: programu hiyo ilitulia ndani ya Windows 98, ikaridhika na kumbukumbu ya megabaiti 64. Karani aliyesoma kwa Kiswahili aliweza kuongozwa na maneno ya lugha yake juu ya mashine ambayo wauzaji walikuwa wakiipa kisogo.

Nafasi hiyo haikudumu. Tarehe 11 Julai 2006 Microsoft iliacha kuihudumia Windows 98, na mwaka 2007 ikaleta Office mpya yenye kuhifadhi barua kwa umbo la docx. OpenOffice ya toleo la 1.1, ambayo ndiyo msingi wa Jambo, haikuweza kulisoma. Toleo la 3.0, la Oktoba 2008, liliweza. Lakini lilikataa Windows 98. Basi barua iliyotumwa toka Dar es Salaam kwa umbo jipya ilimfikia mwenye mashine ya zamani kama bahasha isiyofunguka, na dawa ilikuwa mikononi mwa mtumaji, ambaye ilimpasa akumbuke kuihifadhi kwa umbo la kale. Ni unyonge wa ajabu kwa ofisi kusubiri ukarimu wa namna hiyo ili isome barua yake yenyewe.

Mambo hayo yalijirudia. Windows XP iliachwa tarehe 8 Aprili 2014. LibreOffice, iliyochipuka kutoka OpenOffice mwaka 2010, iliivumilia mpaka toleo la 5.4 la mwaka 2017. Windows 7 nayo iliachwa na toleo la 25.8 la Agosti 2025, na miezi miwili baadaye zamu ikaifikia Windows 10 kwa Microsoft wenyewe.

Barua iliyohifadhiwa kwa Jambo mwaka 2005 bado hufunguka katika LibreOffice.